Udongo wa Mombasa: wanachokiona wakulima na kinachopimwa maabara

Ukipanda matatu Bamburi na kushuka Miritini, umepita juu ya ardhi za aina tatu zisizofanana hata kidogo. Bamburi, Nyali na ukanda wote wa ufuoni umekaa juu ya mawe ya matumbawe, mwamba wa chokaa uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukiingia ndani kidogo, Kisauni ya bara na sehemu za Likoni, unakuta mchanga, mwingine mweupe, mwingine mwekundu. Ukivuka Makupa na kufika Jomvu na Miritini, chini kuna mwamba uliotokana na tope la bahari ya enzi za dinosaria, na juu yake udongo wa mfinyanzi mzito unaopasuka wakati wa kaskazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha.

Ninaanza na ramani hii kwa sababu mabishano mengi ya rutuba ninayoyasikia hapa kwetu huanza bila yake. Wapo wanaosema wazee walilima bila mbolea ya dukani na wakashiba, basi turudi walikokuwa. Wapo wanaosema ya wazee ni mazoea tu. Pima udongo, nunua mfuko, mwaga. Wote huzungumzia udongo kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima wa siku nyingi wa Mwakirunge hazungumzi hivyo. Atakwambia huku ni maweni, yaani juu ya matumbawe, kule ni kichanga, na pale penye mteremko ni mfinyanzi, na kila mahali pana zao lake na siku zake za kulimwa. Mtaalamu wa udongo aliyesoma vizuri naye hazungumzi hivyo. Wawili hawa wanakaribiana kuliko watu wanaobishana kwa niaba yao.

Rangi, mguso na harufu

Mkulima mzoefu akifika kwenye konde asilolijua hutazama rangi kwanza. Kisha huinama, huchota gao la udongo, huutia maji kidogo na kuuviringisha viganjani. Ukirefuka bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukigoma kushikana, ni kichanga. Ukishikana kisha ukavunjika kwa wepesi, huo ni tifutifu, na hapo uso wake utakunjuka. Wengine huunusa. Mtaalamu anayetumwa kuchora ramani ya udongo hufanya yale yale, tena kwa utaratibu ule ule. Hubeba kijitabu cha vipande vya rangi, kilichotokana na mfumo wa Mmarekani Albert Munsell, akalinganisha bonge la udongo na kipande kimoja baada ya kingine. Halafu huuminya udongo mbichi kati ya kidole gumba na cha shahada na kupima utepe unaotoka umefika wapi kabla ya kukatika. Mashine huja baadaye.

Anachoongeza mtaalamu ni sababu. Weusi mara nyingi ni mboji, yaani majani, mizizi na wadudu waliooza mpaka wakapoteza umbo. Mboji hushika maji, huzuia virutubisho visisombwe na mvua, na hulisha vijidudu vinavyofanya kazi chini bila kuonekana. Wekundu ni chuma kilichokutana na hewa, na ni dalili kwamba maji hayatuami hapo. Ukijivu wenye madoadoa ni alama ya ardhi iliyokaa na maji hadi hewa ikakosekana. Mchanga mweupe ni punje tupu zilizooshwa kwa maelfu ya miaka, zisizo na pa kushikia chakula. Na ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapoanguka hutokana hasa na kemikali iitwayo geosmini, iliyopewa jina mwaka 1965, inayotengenezwa na bakteria wanaostawi penye hewa na vitu vinavyooza. Mkulima anayenusa udongo na kusema uko hai anasema jambo la kweli. Kinyume chake ni harufu ya mayai viza katika tope la mikoko kule Tudor: ni gesi ya salfa, na maana yake ni kwamba hewa haifiki.

Rangi lakini hudanganya, na hapa ndipo mwenyeji humshinda mgeni mwenye kanuni moja kichwani. Mfinyanzi wa upande wa Miritini unaweza kuwa na giza bila kuwa na mboji nyingi. Akija mtu anayeamini kwamba kila cheusi kina rutuba, atalima vibaya. Wenyewe wanajua kwamba udongo huo una chakula cha kutosha, ila hauna subira: ukiuwahi jembe linanata, ukichelewa jembe linadunda. Siku za kuulima ni chache kati ya mvua za kwanza na mafuriko, na anayezijua siku hizo ana kitu ambacho karatasi ya maabara haina pa kukiandika.

Magugu na mazao kama kipimo

Wakulima wetu husoma udongo kupitia kinachoota chenyewe. Mchicha wa kujiotea na mnavu vikishamiri mahali, watu husema hapo pana mbolea, na ni kweli: mimea hiyo hupenda naitrojeni nyingi. Ndiyo maana utaikuta palipokuwa zizi la mbuzi au nyuma ya jikoni. Maboga na mipapai inayonenepa jaani bila mtu kuipanda ni ushahidi wa namna hiyo hiyo. Jaa hukusanya majivu, maganda, mifupa na magamba ya samaki, na fosforasi iliyomo haiondoki upesi. Wataalamu wa mambo ya kale hupima fosforasi kwenye ardhi ili kugundua watu waliishi wapi zamani, maana mahali palipokaliwa huihifadhi kwa karne nyingi.

Upande wa pili kuna kiduha. Hili ni gugu dogo lenye maua mekundu huku Pwani, na ya zambarau kule Nyanza, linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya. Shamba lenye kiduha huonekana limenyauka hata mvua ikiwa nzuri. Wazee hulichukulia kuwa dalili ya ardhi iliyochoka, na kwa muda mrefu watu wa mijini walilichukulia kuwa ni imani tu. Sayansi ilifika polepole. Kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha ilitambuliwa mwaka 1966, lakini swali likabaki: kwa nini mhindi utoe kitu kinachomwita adui yake? Jibu lilipatikana mwaka 2005. Mzizi uliokosa fosforasi hutoa kemikali hiyo kuwaita kuvu rafiki, ambao huingia mizizini na kuuletea mmea fosforasi kutoka mbali. Mbegu za kiduha, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, zimejifunza kusikiliza mwito huo. Udongo ukiwa na njaa, mwito unakuwa mkubwa, na kiduha kinaamka. Wazee walikuwa wameona uhusiano kati ya uchovu wa ardhi na gugu hili. Maabara ilieleza uhusiano huo unapitia wapi.

Kuhusu kunde katikati ya mahindi, mengi yameshasemwa. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, lakini mmea hauwezi kuichukua hewani wenyewe. Mwaka 1886 wanasayansi wa Kijerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha kwamba vijinundu kwenye mizizi ya jamii ya kunde ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, kwa msaada wa bakteria. Wakulima walikuwa wakipanda kunde na pojo kati ya nafaka karne nyingi kabla.

Mbaazi ndiyo inayonivutia zaidi, na nadhani haijathaminiwa ipasavyo na sisi tunaoila kila asubuhi kwa mahamri. Mbali na vijinundu vyake, mzizi wake hushuka chini sana, kupita ule wa mahindi, na kupandisha virutubisho vilivyokwisha zama. Kisha kuna jambo lililoonyeshwa mwaka 1990 na watafiti waliokuwa India: mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyonaswa na chuma. Hebu lifikirie hilo ukiwa umesimama kwenye mchanga mwekundu wa Pwani. Wekundu wake ni chuma, na chuma hicho ndicho kinachoishika fosforasi isiyafikie mahindi. Mbaazi inaifikia, halafu inapukutisha majani juu ya ardhi, na msimu unaofuata zao jingine linaikuta. Mama aliyerithi desturi ya kuacha mistari ya mbaazi shambani mwaka mzima hakuhitaji kuijua asidi hiyo. Lakini ofisa anayemshauri aing'oe ili apande mahindi matupu anahitaji kuijua.

Si kila lisemwalo linasimama lote. Karibu kila mtu Pwani amesikia kwamba muhogo hula udongo. Vipimo vinaonyesha kwamba kwa kila tani ya chakula kikavu, muhogo huchukua naitrojeni na fosforasi kidogo kuliko mahindi. Unachochukua kwa wingi ni potasiamu. Sababu ya lawama ni kwamba muhogo hupandwa mwisho, kwenye ardhi ambayo mahindi yameshaikataa, na kwa kuwa huvumilia dhiki, Kibandameno, muhogo wetu wa Pwani, huzaa hata hapo. Anayekuja kulima baada yake anakuta ardhi imeisha na kumlaumu aliyeondoka mwisho. Hata hivyo wazee hawakukosea kabisa. Muhogo mchanga huchelewa kufunika ardhi, kwa hiyo mvua za mwaka, zile ambazo wengine huziita masika, huukuta udongo uko wazi na kuubeba. Na ukivuna mizizi, ukakata miti kwa mbegu na kuni, na majani ukapika kisamvu, hakuna kilichorudi chini. Kurudisha majani na vijiti vyembamba shambani kungepunguza sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Ardhi isiyopumzika

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha yote. Kilimo cha zamani cha Pwani kilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kufyeka, kuchoma na kulima kwa misimu michache. Sehemu ya pili ni kuondoka na kuliacha shamba lilale miaka mingi. Moto uligeuza kichaka kuwa jivu lenye potasiamu, kalsiamu na fosforasi ya kutumika mara moja. Lakini moto huo huo hupeperusha angani karibu naitrojeni yote na salfa nyingi iliyokuwa ndani ya majani. Hasara hiyo ilifidiwa na mapumziko: vichaka vilirudi, mizizi yake ikapandisha virutubisho kutoka chini, majani yakaoza, mboji ikarudi, na mbegu nyingi za magugu zikafa kwa kukosa mwanga. Mapumziko ndiyo yaliyokuwa mbolea.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, ambayo eneo lake ni takriban kilomita za mraba 220, na sehemu kubwa ni nyumba, barabara, viwanda na bandari. Hakuna mwenye robo ekari Mtopanga au Shika Adabu anayeweza kuiacha ilale miaka kumi. Kwa hiyo moto umebaki na mapumziko yameondoka. Kila msimu takataka za shamba hukusanywa na kuchomwa, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusafisha konde, na kila msimu ardhi inapoteza bila kurejeshewa. Anayesema maarifa ya wazee yameshindwa haoni kwamba yamekatwa nusu. Anayesema turudi kwao bila kusema mapumziko yatatoka wapi naye anaturudisha kwenye nusu ile ile.

Na kuna jambo la ardhi yenyewe ni ya nani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyoletwa na Waingereza kwa ajili ya Pwani, iliwataka watu wajitokeze kudai ardhi zao rasmi, na ile ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Familia nyingi zilijikuta ni maskwota palepale walipozikwa babu zao. Hadi leo kuna wenye ardhi wanaomruhusu mtu kulima mahindi na muhogo lakini hawataki apande mnazi wala mwembe, kwa sababu mti wa kudumu ni dai. Mkulima asiyejua kama mwakani atakuwepo hawezi kulaumiwa kwa kutojenga mboji ambayo faida yake huja baada ya miaka mitatu minne. Ushauri wa rutuba usiotaja hati ya ardhi unamwacha mtu huyu pale pale.

Je, mapumziko yanaweza kuharakishwa? Mombasa ina mfano ambao nchi nyingi hazina. Mwaka 1971 kazi ya kufufua machimbo ya saruji ya Bamburi ilianza chini ya mtaalamu wa kilimo René Haller. Matumbawe yalikuwa yamechimbwa mpaka karibu na maji ya chini. Hapakuwa na udongo, palikuwa na mwamba mweupe, jua na maji yenye chumvi. Walijaribu aina 26 za miti. Zilizohimili ni tatu, mmoja wao mnazi. Mti uliobeba kazi kubwa ni mvinje, huu huu tunaotumia nguzo zake kujengea. Mvinje una vijinundu mizizini vinavyoishi na vijidudu vya kunasa naitrojeni hewani, ingawa si wa jamii ya kunde.

Ila majani yake membamba yalidondoka yakalundikana bila kuoza, kwa kuwa yana kemikali zinazowazuia bakteria. Suluhisho lilikuwa majongoo, wale wekundu wakubwa wanaotambaa vichakani kwetu mvua zikianza. Waliletwa, wakala majani, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria. Mboji ikaanza kujengeka, mimea mingine ikafuata, na leo palipokuwa shimo la mawe kuna msitu wenye twiga na viboko, Haller Park. Kilichofanyika pale hakikutoka kwenye kitabu kimoja. Kulikuwa na hesabu za kisayansi, na kulikuwa na mtu aliyetazama jongoo anakula nini, kama mkulima yeyote angetazama.

Kwa mwenye kipande kidogo, funzo la Bamburi linapunguzika kuwa mambo anayoweza kuyafanya: mmea wa kunasa naitrojeni usikosekane, majani yasichomwe, na wadudu wa kuozesha waachwe wafanye kazi. Samadi na mboji huongeza kasi. Kongowea kila siku hupokea mboga, matunda na ndizi kutoka Taita, Kajiado na hata Tanzania. Ndani ya maganda na majani yanayotupwa sokoni mna potasiamu na naitrojeni iliyochotwa kwenye mashamba ya watu hao, na nyingi huishia kwenye taka. Hali ya kuwa mashamba yana njaa na jaa lina shibe, umbali kati yake ukiwa safari fupi ya mkokoteni au tuktuk, inaniuma kila ninapopita sokoni.

Kisichoonekana kwa macho

Yapo mambo ambayo jicho na pua haviwezi kuyafikia, na hapa lazima tuwe wakweli. Udongo wa juu ya matumbawe una chokaa nyingi, kwa hiyo uko upande wa alkali. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, inaweza kupita 7.5. Katika hali hiyo kalsiamu huinasa fosforasi, na chuma na zinki, hata vikiwepo, havifikiki. Mkulima ataona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Akidhani ni njaa ya naitrojeni ataongeza CAN, mbolea ya naitrojeni ya dukani, na hakitatokea kitu, kwa sababu mmea hukua kwa kiwango cha kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, si kwa kile kilichojaa. Kanuni hiyo iliandikwa na Carl Sprengel na kuenezwa na Justus von Liebig huko Ujerumani katika karne ya 19, na ni ufunguo wa malalamiko mengi ya mbolea kutofanya kazi.

Jivu ni mfano mzuri wa desturi iliyo sahihi mahali na kosa mahali pengine. Sehemu kubwa ya jivu la kuni ni chokaa, pamoja na potasiamu. Kwenye mchanga mwekundu uliooshwa na mvua hadi ukawa na asidi, jivu ni dawa. Kwenye maweni linaongeza alkali juu ya alkali. Ushauri wa kutia chokaa, ambao ni mzuri kwa Kakamega au Kisii, ukiletwa maweni bila kupimwa ni kumpotezea mtu pesa zake. Pale yafaa samadi iliyoiva, itiwe ndani ya shimo la mbegu pamoja na mbolea badala ya kunyunyizwa juu, ili fosforasi ikutane na mzizi kabla ya kukutana na chokaa. Gao moja la samadi kila shimo, kama wanavyofanya akina mama wengi, ni njia inayokubaliana na kemia ya mahali hapo.

Kichanga kina shida nyingine. Hakishiki. Mbolea yote ikitiwa siku moja kabla ya mvua kubwa, naitrojeni hushuka chini ya mizizi ndani ya siku chache, na ndiyo maana watu husema imeenda na maji. Imeenda kweli. Kiasi kile kile kikigawanywa mara mbili au tatu hukaa zaidi, na kikikuta mboji hukaa zaidi bado. Mbolea ya urea nayo isiachwe juu ya ardhi. Ifukiwe, la sivyo sehemu yake huyeyuka kuwa hewa, hasa kwenye maweni.

Chumvi ni suala la Mombasa kuliko la kaunti za bara. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kadiri tunavyovuta zaidi ndivyo bahari inavyosogea chini kwa chini. Mchicha uliomwagiliwa maji hayo huungua ncha za majani, na mfinyanzi ukijaa sodiamu hupoteza mpangilio wake na kuziba. Mnazi ni kisa tofauti. Katika nchi kama India na Ufilipino wapandaji wana desturi ya kuutilia chumvi shimoni, na utafiti wa Ufilipino miaka ya 1970 ulithibitisha kwamba mnazi unahitaji klorini kwa wingi usio wa kawaida, na klorini ni zaidi ya nusu ya uzito wa chumvi ya mezani. Kinachomlisha mnazi kinamuua mchicha aliye chini yake, na hakuna rangi ya udongo itakayokuonya mapema. Kipimo rahisi cha chumvi kwenye maji kingeokoa vitalu vingi.

Zito kuliko yote ni sumu. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi katika udongo, hewa na damu za wakazi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ulipingwa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Risasi haina harufu wala rangi ya kuitambua, na mboga zinaweza kuota juu yake zikiwa za kijani kibichi. Hushikamana na udongo wa juu na haiozi. Kwa hiyo ukitaka kuchukua udongo mweusi wa jaa la zamani la mjini, palipochanganyika betri, rangi za nyumba na vyuma, usiuamini kwa weusi wake. Tumia taka za soko zilizochambuliwa, au pima kwanza.

Nayo sayansi, ikifika kwa mkulima kama mfuko tu, huwa imepoteza nusu yake pia. DAP, mbolea ya kupandia, ni DAP kila mahali: kilo 50 zina kilo 9 za naitrojeni na fosforasi nyingi, hazina potasiamu wala zinki, na hazijui zimemwagwa maweni au Miritini. Mwaka 2024 ilipobainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango wa ruzuku haikuwa mbolea ya kiwango, wakulima walikuwa wanatimiza haki yao walipoanza kuishuku mifuko yote. Imani hiyo hairudi kwa matangazo.

Basi kama una shamba na unataka kupima, fanya hivi. Chukua sampuli mwishoni mwa kaskazi, Februari au mapema Machi, ili majibu yarudi kabla ya mvua za mwaka. Lakini kabla ya kuchimba, zunguka shamba na mtu aliyelilima muda mrefu, mama yako au jirani, akuonyeshe mipaka anayoijua yeye: maweni yanaishia wapi, kichanga kinaanzia wapi, zizi lilikuwa wapi. Kila sehemu aliyoitenga iwe na sampuli yake. Chimba sentimita 20, mahali kumi hadi kumi na tano kwa kwenda upogo, changanya ndani ya ndoo safi ya plastiki; ndoo ya bati huacha zinki na kuharibu jibu. Anika kivulini, pima nusu kilo. Kwenye mfuko andika jina analolitumia mwenyeji kuuita udongo huo, umelimwa miaka mingapi, kilichopandwa mara ya mwisho, magugu yaliyopo, na maji ya kumwagilia yanatoka wapi. KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Mtwapa na maabara kuu ya udongo Kabete. Omba pH, kaboni, fosforasi, potasiamu, zinki na chumvi.

Majibu yakirudi, yasome pamoja na yule yule mliyezunguka naye. Karatasi ikisema fosforasi iko chini na yeye akasema kiduha kilianzia upande wa kisimani, anzeni upande huo kwa samadi na mistari ya mbaazi. Acheni mistari mitatu minne bila kuitia kitu. Wakati wa kuvuna, pimeni mavuno ya pande zote mbili kwa mizani, na muandike.